Jioni Ndefu ya Juni Mashambani Selborne

Matembezi ya jioni ya katikati ya majira ya joto ni desturi ya zamani katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Hufanywa siku chache kabla na baada ya tarehe 21 Juni, wakati mchana unapokuwa mrefu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Anayetembea hutaka kuwa nje, kwa miguu na bila haraka, katika muda ambao viumbe wa mchana wanakwenda kulala na wale wa usiku wanaamka. Kusini mwa Uingereza muda huo hupita saa mbili.

Mahali pazuri pa kuueleza ni Selborne, kijiji kidogo cha kaunti ya Hampshire, kiasi cha kilomita 75 kusini-magharibi mwa London. Hapo ndipo alipozaliwa kasisi Gilbert White mwaka 1720, na hapo ndipo alipofariki tarehe 26 Juni 1793. Kwa miaka mingi alizunguka vijia vya kijiji hicho akiandika kila alichokiona na kukisikia, na mwaka 1789 barua zake zilichapwa katika kitabu The Natural History of Selborne, ambacho bado kinachapwa hadi leo. Anayepita njia zake sasa hukutana na wengi wa viumbe aliowaandika. Hukutana pia na jibu ambalo White alilitafuta mpaka akafa bila kulipata: ndege waliomshangaza zaidi jioni za Juni ni wageni pale, na sehemu kubwa ya mwaka wao huishia Afrika, hasa katika ardhi ya Kongo.

Jambo la kwanza kulielewa ni mwanga, kwa kuwa ndio unaopanga mengine yote. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, na mwezi Juni nusu ya kaskazini huwa imelielekea jua. Selborne ipo nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni jua huchomoza pale kabla kidogo ya saa 11 alfajiri na kuzama saa 3:20 hivi usiku. Dar es Salaam siku hiyohiyo jua huwa limezama tangu saa 12:15 hivi jioni. Tofauti haiishii kwenye saa ya kuzama. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na nusu saa baada ya magharibi giza huwa limekwisha kuingia. Kaskazini jua huteremka kwa mshazari, likiambaa na upeo wa macho kabla ya kuzama, na hata likishatoweka mtu aweza kuona njia yake bila taa kwa dakika 45 hivi.

Na usiku wenyewe haukamiliki. Wanaastronomia huhesabu usiku kuwa kamili jua linapofika nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Selborne, usiku wa manane wa tarehe 21 Juni, jua huwa nyuzi 15 na nusu tu chini, kwa hiyo upande wa kaskazini wa anga hubaki na weupe hafifu mpaka alfajiri. Hali hiyo huanza mwishoni mwa Mei na kuendelea hadi baada ya katikati ya Julai. Waislamu wa Uingereza, wakiwemo Waswahili waliohamia huko, huijua vizuri: shafaki haitoweki vile vitabu vya fiqhi vinavyoeleza, na misikiti hulazimika kukadiria wakati wa Isha, kila mmoja kwa njia iliyoikubali.

Watu wa Ulaya waliziadhimisha siku hizi tangu kale. Kanisa liliweka tarehe 24 Juni kuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, na mkesha wake ukawa usiku wa kuwasha mioto mikubwa vilimani. Uswidi hadi leo ni sikukuu ya taifa zima, yenye ngoma na maua. Uingereza mioto hiyo imepungua sana, ila pembe chache kama Cornwall bado huiwasha. Kilichobaki kwa wengi ni matembezi.

Kutembea kwenyewe kunawezekana kwa sababu ya vijia. Uingereza na Wales zina kiasi cha kilomita 225,000 za njia ambazo kila mtu ana haki ya kupita kwa sheria, hata zinapokata katikati ya shamba la mtu binafsi. Haki hiyo ilipiganiwa. Mwezi Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipanda kilima cha Kinder Scout, kaskazini mwa nchi, kilichokuwa kimefungwa na wenye ardhi kwa ajili ya uwindaji, na baadhi ya wafanyakazi hao wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 iliagiza vijia vya zamani viorodheshwe na kuchorwa kwenye ramani, na nyingine ya mwaka 2000 ikafungua milima na nyika nyingi kwa watembeao kwa miguu. Anayeingia malisho ya Selborne jioni hukuta vilango vidogo na vipandio vya mbao vya kuvukia ua, na haombi ruhusa ya mtu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atajiuliza kuhusu hatari, na ana haki ya kuuliza. Mtu hatembei Ruaha au Tsavo saa nne usiku kwa starehe. Uingereza mbwa mwitu walikwisha karne nyingi zilizopita, tembo na nyati hawapo, na nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, tena huumwa naye watu wachache. Wa kuogopwa ni kupe, ambaye mwezi Juni hujaa kwenye nyasi ndefu na anaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi na kujikagua mwili baada ya kurudi hutosha kwa watu wengi. Ng'ombe mwenye ndama naye apewe nafasi yake, hasa na mtu aliyefuatana na mbwa.

Njia ya Selborne huanzia nyuma ya kijiji. Hapo kuna mteremko mkali wa ardhi ya chokaa uliofunikwa na msitu wa miti mirefu ya Fagus, yenye gome laini la kijivu. Mwaka 1753 White na nduguye John walichimba njia ya kupinda na kurudi, kona baada ya kona, ili watu waweze kuupanda mteremko huo bila kuishiwa pumzi. Njia hiyo bado inatumika. Saa 1 jioni, jua likiwa bado juu, ndani ya msitu huwa kuna ubaridi na giza la kijani, maana majani ya juu hunywa karibu mwanga wote na chini hapaoti kitu kikubwa. Kutoka juu ya mteremko, Noar Hill haiko mbali, na anayeanza mapema hufika huko wakati maua bado yako wazi.

Noar Hill ni mlima mdogo wenye mashimo mengi yaliyochimbwa enzi za kati na watu waliotafuta chokaa ya kurutubishia mashamba. Mashimo hayo yakaachwa, yakaota nyasi fupi, na leo ni hifadhi yenye okidi za aina nyingi, pamoja na okidi ndogo ya rangi ya njano-kijani yenye harufu kali ambayo imekuwa adimu nchini. Siri ya utajiri huo ni umaskini wa udongo. Ardhi ikitiwa mbolea, nyasi chache zenye nguvu hukua haraka na kuisonga mimea midogo. Ardhi ya chokaa isiyo na rutuba huinyima kila mmea nafasi ya kutawala, na ndipo mimea mingi hupata kuishi pamoja. Kwa sababu hiyohiyo malisho ya maua yamekwisha kwingineko. Tangu miaka ya 1930 Uingereza na Wales zimepoteza kiasi cha asilimia 97 ya malisho hayo, yakilimwa na kutiwa mbolea ili yatoe nyasi nyingi zaidi za mifugo. Hakuna hasara nyingine ya mashambani iliyotokea upesi na kimyakimya kiasi hicho, na anayesimama Noar Hill anaangalia masalia ya kitu kilichokuwa cha kawaida kwa babu wa wakulima wa leo.

Katika nyasi ndefu na ngano za jirani huishi panya mdogo kuliko wote wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu 6 hivi, ambaye hufuma kiota cha mviringo juu ya mabua. White ndiye aliyewaeleza Waingereza habari zake kwa mara ya kwanza. Aliwaweka wawili kwenye mizani wakashinda kidogo sarafu moja ya shaba ya nusu peni.

Kuanzia saa 2 usiku, jua likielekea chini, macho hurudi kijijini na kuangalia juu. Ndege waitwao teleka hukusanyika makundi makundi na kukata anga ya kijiji kwa kasi, wakipiga kelele nyembamba za kupasua masikio, wakipita karibu kabisa na paa za nyumba. White aliwahesabu mwaka baada ya mwaka na kukuta majozi manane, takriban nusu yao wakiishi kanisani na wengine katika nyumba za chini zaidi zilizoezekwa kwa nyasi. Idadi ile haikubadilika, ingawa kila jozi ilizaa makinda, na jambo hilo lilimsumbua. Aliandika pia kwamba ndege hawa hupandana wakiwa angani, jambo lililoonekana geni wakati huo na ambalo limethibitika kuwa kweli.

Asingeweza kukisia mengine. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walichapa matokeo ya vifaa vidogo walivyowafunga teleka mgongoni. Baadhi ya ndege hao walikaa hewani miezi 10 mfululizo bila kutua hata mara moja, tangu walipoondoka kwenye viota vyao mpaka waliporudi. Walikula hewani na, kwa dalili zote, walilala hewani. Jioni baada ya jua kuzama, teleka hupaa wote pamoja hadi kimo cha kilomita mbili na zaidi, kisha hushuka. Alfajiri hufanya hivyo tena. Rada za Uholanzi ndizo zilizoonyesha mpango huo. Anayesimama kijijini huona tu kwamba kelele zinapungua, vivuli vinazidi kuwa vidogo, na anga limebaki tupu.

Swali kubwa la White lilikuwa: huenda wapi? Wakati wake wasomi wengi walishikilia kwamba mbayuwayu na teleka hujificha majira ya baridi, ama katika mapango ama hata chini ya matope ya mabwawa. White hakuridhika na maelezo hayo, lakini pia hakuweza kuyatupa. Aliwatafuta ndege waliolala katika vichaka na paa za nyumba, na hakuwapata. Jibu lilianza kuja mwaka 1912. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911, alikamatwa Natal, Afrika Kusini, tarehe 23 Desemba mwaka uliofuata. Teleka wa Uingereza nao wamefuatiliwa hadi bonde la Kongo, na baadhi yao husogea zaidi mpaka Msumbiji kabla ya kurudi kaskazini. Hukaa Uingereza kuanzia Mei hadi mwanzo wa Agosti tu, miezi mitatu hivi. Kwa hesabu ya siku, kijiji cha Selborne ni mahali wanapokwenda kuzaa.

Kuna ndege mmoja ambaye jioni hii hasikiki, na kutosikika kwake kunaeleza mengi. Ni kekeo, yule anayetaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine na kuwaachia wenyewe walee. Mwezi Mei sauti yake husikika bonde zima. Ifikapo katikati ya Juni madume wengi wamekwisha kuondoka. Tangu mwaka 2011 shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, BTO, limekuwa likiwafunga kekeo vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na wengi wao wameonekana wakivuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara hadi misitu ya Kongo, wakiwa nje ya Uingereza zaidi ya miezi tisa kwa mwaka. Mzazi asiye na mtoto wa kulisha hana sababu ya kukaa. Wakati wenyeji wa Selborne wanasherehekea kilele cha majira ya joto, kwa kekeo majira hayo yameshapita.

Jua likizama, rangi hubadilika kwa mpangilio ambao jicho lolote laweza kuuona. Maua mekundu ya pembezoni mwa ngano, yaliyokuwa yakiwaka mchana, huwa meusi kwanza. Ya buluu hung'aa kwa muda. Meupe ndiyo hubaki mwisho. Jambo hili lilielezwa katika karne ya 19 na daktari Jan Purkyně wa Bohemia. Jicho lina seli za aina mbili: moja hutofautisha rangi lakini huhitaji mwanga mwingi, nyingine huona gizani lakini hazioni wekundu. Kuhama kutoka seli za kwanza kwenda za pili huchukua nusu saa hivi, na mwanga wa simu ukiangaza mara moja tu huanza upya. Ndiyo maana watembezi wazoefu hawawashi taa mpaka walazimike, na wakiwasha hutumia nyekundu.

Maua meupe hayakubaki mwisho kwa bahati. Mengi yao yanamngoja nondo. Mtambaa wenye maua ya rangi ya malai unaoparamia ua wa miti, ule wa jamii ya Lonicera, hutoa harufu kidogo mchana, kisha giza linapoingia harufu yake hujaa njia nzima. Umbo la ua ni mrija mrefu mwembamba ambao nyuki wengi hawaufikii chini, ila nondo wakubwa wa jamii ya Sphingidae wana ulimi wa kutosha. Mmoja wao ni nondo-tembo, wa rangi ya waridi na kijani cha zeituni. Mwaka 2002 watafiti, nao wa Lund, walionyesha kwamba nondo huyu hutambua rangi hata katika mwanga wa nyota, jambo ambalo binadamu hawezi kabisa.

Uingereza ina vipepeo wa aina 59 tu, na nondo wa aina 2,500 hivi. Utajiri wa wadudu hao ni wa usiku, na mtu anayetembea mchana peke yake hukosa karibu wote. Aina moja hupendeza sana wiki hii ya mwaka. Madume yake ni meupe kama sanda, na magharibi hukusanyika juu ya nyasi wakielea palepale, huku na huku, bila kusonga mbele, kana kwamba kila mmoja amefungwa kwa uzi. Hufanya hivyo kuwaita majike, kwa nusu saa hivi, kisha hutawanyika. Wakati huohuo bungo wa rangi ya hudhurungi huzunguka vilele vya miti kwa mvumo mzito. Jina lake la kisayansi, Amphimallon solstitiale, limetokana na msimu huu.

Nondo wengi na bungo wengi maana yake ni popo. Wa kwanza kutoka ni popo mkubwa anayelala katika matundu ya miti, naye huonekana juu kabisa, wakati mwingine teleka wa mwisho wakiwa bado angani. Huyu pia White ndiye aliyewatambulisha Waingereza. Kiasi cha dakika 20 baada ya jua kuzama hutoka popo wadogo wenye uzito wa gramu 5 hivi, wanaoweza kula wadudu wapatao 3,000 kwa usiku mmoja. Kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa wa aina moja. Miaka ya 1990 vifaa vya kunasa sauti zisizosikika na masikio ya binadamu vilionyesha kwamba baadhi hupiga mlio wa kilohezi 45 na wengine 55, na kwamba ni aina mbili ambazo hazizaliani. Juu ya maji ya kidimbwi huwinda wa aina nyingine, akiruka karibu na uso wa maji na kunyakua wadudu kwa miguu. Juni ni mwezi mgumu kwa majike: hukaa pamoja kwenye dari za nyumba wakizaa mtoto mmoja mmoja, na usiku mfupi huwapa saa chache za kupata chakula cha wawili.

Kisha huja yule ambaye wengi hufunga safari kwa ajili yake. Mashariki ya Selborne kuna nyika ya Woolmer, ardhi ya mchanga yenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau na misonobari iliyotawanyika. Jeshi huitumia kwa mazoezi, na raia huingia pasipokuwa na mazoezi tu. Nyika za namna hii ndizo maskani ya kirukanjia, ambaye wengine humwita mpasuasanda. Mchana hulala chini, rangi ya manyoya yake ikifanana na majani makavu kiasi kwamba mtu aweza kumkanyaga. Mwanga ukififia, dume hutua kwenye tawi na kuanza kukereza: sauti moja kavu, inayopanda na kushuka kidogo, yenye midundo hadi 1,900 kwa dakika, na inayoweza kuendelea dakika kadhaa bila kukatika. Akiruka hupiga mbawa zake kwa mgongano unaosikika, na madoa meupe ya mbawa na mkia huonekana gizani.

White aliusikiliza mlio huu mara nyingi. Aliandika kwamba ndege huyo alianza kuimba mwisho wa mchana kwa uhakika hivi kwamba zaidi ya mara moja alianza sawia na mzinga wa jioni wa Portsmouth, uliosikika Selborne hewa ilipotulia, ingawa bandari hiyo iko mbali kwa zaidi ya kilomita 30. Aliona pia kibanda cha mlimani kikitetemeka ndege alipotua juu ya paa na kuimba. Na alimtetea. Tangu enzi za Aristotle watu wa Ulaya waliamini kwamba kirukanjia hunyonya mbuzi usiku, na wafugaji wa Hampshire waliamini kwamba huambukiza ndama ugonjwa. White alichunguza, akasema mkosaji ni nzi anayetaga mayai juu ya ngozi ya mnyama. Ndege wa usiku husingiziwa mengi, Ulaya kama pwani ya Afrika Mashariki, na kasisi huyu alipima tuhuma kwa ushahidi wakati wengi waliomzunguka walitosheka na uvumi.

Mwaka 1981 madume wa kirukanjia waliohesabiwa wakiimba nchini walikuwa 2,100 hivi. Mwaka 2004 walifika 4,600. Idadi ilipanda kwa sababu nyika zilirejeshwa na miti ya kupandwa ikakatwa. Ni mfano wa wazi kwamba ardhi ikitunzwa ndege hurudi. Uingereza kabla ya hapo ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya nyika zake za aina hii tangu mwaka 1800. Virukanjia wanaofungwa vifaa huko wamefuatiliwa hadi savana za kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jike hutaga mayai mawili juu ya ardhi tupu, na ndiyo sababu sheria inataka mbwa wafungwe kamba fupi katika ardhi ya wazi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, na watembezi huombwa wasitoke njiani.

Saa 4:30 usiku, nyasi za ardhi ya chokaa zikiwa zimeshika umande, huwaka vimulimuli. Hawamemetuki wakiruka kama wale wa Afrika Mashariki. Anayewaka ni jike, ambaye hana mbawa kabisa. Hupanda juu ya bua, hukunja mkia na kuacha nuru ya kijani imwonyeshe kwa madume wanaopita juu, wenye macho makubwa mno. Mdudu huyu akiwa lava huishi takriban miaka miwili akila konokono. Akishakomaa hali chochote. Ana wiki chache za kupata mwenzake, na akipata huzima taa, hutaga na kufa. White aliwaleta wawili bustanini kwake, akaona wanazima taa kati ya saa 5 na saa 6 usiku. Anayetaka kulinganisha akumbuke kwamba saa za wakati wa White zilifuata jua. Tangu mwaka 1916 Uingereza husogeza saa zake mbele kwa saa moja majira ya joto.

Nuru hiyo ni dhaifu na hushindwa kwa urahisi na taa ya barabarani. Dume aliyezoea kutafuta nukta moja ya kijani gizani hampati jike aliyekaa karibu na taa ya umeme. Nondo nao huvutwa na taa na kuzunguka hapo hadi wachoke. Mitego ya nondo iliyowekwa nchini kote na kituo cha Rothamsted tangu mwaka 1968 inaonyesha kwamba idadi ya nondo wakubwa imepungua kwa theluthi moja katika miaka 50. Taa si sababu pekee. Dawa za mashambani na kupotea kwa mimea navyo vina sehemu yake. Hata hivyo taa ndiyo inayoondolewa kwa wepesi kuliko zote, kwa kubonyeza swichi. Mwaka 2016 hifadhi ya taifa ya South Downs, ambayo Selborne imo ndani yake, ilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, na vijiji vyake vinahimizwa kuelekeza taa chini au kuzizima.

Njiani kurudi mtu hukutana na waliobaki. Bundi mweupe, wa aina ileile inayoishi kwenye maghala na minara ya Tanzania na Kenya, huambaa juu ya malisho bila sauti ya mbawa akisikiliza panya nyasini. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko lingine, na tofauti hiyo ndiyo humwonyesha panya alipo bila kumwona. Msituni, makinda wa bundi wa hudhurungi hulilia chakula kwa mlio wa kukwaruza usiku kucha. Mnyama mwenye milia myeusi na myeupe usoni, jamaa wa nyegere, hutoka shimoni kutafuta minyoo. Usiku wa Juni ni mfupi mno kwake, hivyo hutoka mapema kungali na mwanga, na huu ndio msimu wa kumwona kwa urahisi. Anayetaka kumtazama hukaa upande unakoelekea upepo, mbali na shimo, na hatikisiki.

Kabla ya saa 10 alfajiri ndege wa mchana huanza tena kuimba, na usiku umekwisha. Baada ya juma hili mchana hufupika kwa dakika chache kila wiki, ingawa joto huendelea kupanda hadi Julai. Kekeo wachanga, ambao hawakuwahi kuwaona wazazi wao, huondoka peke yao Julai na Agosti. Teleka huondoka Selborne mwanzo wa Agosti, wakati mwingine wote ndani ya siku mbili. Idadi yao Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1995, huenda kwa kuwa wadudu wamepungua na nyumba zinazokarabatiwa huzibwa matundu ya paani waliyozalia. Desemba 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Virukanjia hufuata Agosti na Septemba. Kuanzia mwisho wa Agosti teleka wa Ulaya huanza kuonekana katika anga la Kenya na Tanzania, makundi kwa makundi, mara nyingi mbele ya mawingu ya mvua, na huko huwezekana kuwatazama mpaka Desemba, kisha tena wakirudi kaskazini Machi na Aprili.